Mkazo katika Neno "Bestefar"

Baba alikuwa karani wa reli na kiongozi wa kwaya, na kati ya kazi hizo mbili, ya pili ndiyo aliyoipeleka nyumbani kila siku. Kanisa letu lilikuwa mwendo mfupi kutoka nyumbani Buruburu. Jumamosi alasiri ungeweza kumsikia ukiwa bado nje ya lango, akiwakatia waimbaji maneno vipande vipande. Aliandika ubaoni, silabi moja chini ya kila nota ya solfa, na kati ya silabi na silabi akaweka kistari. Kisha aligonga meza kwa kiganja. Pigo zito liliangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na mapigo mengine yote yakawa mepesi.

"Kiswahili hakimfichi mtu kitu," alikuwa akiwaambia. "Anza mwisho, rudi nyuma silabi mbili. Hapo ndipo pa kukanyaga."

Mimi na mdogo wangu tulikua na sheria hiyo kama watoto wengine wanavyokua na sheria ya kunawa mikono. Alitufundisha kwamba mkazo wa Kiswahili hautulii mahali pamoja. Ukisema pika, unakanyaga "pi". Ukisema pikia, unahamia "ki". Ukisema pikiana, umeshafika "a". Neno likirefuka, mkazo unalifuata hadi karibu na mkia wake. Tulipokuwa tukitembea kwenda kanisani alipenda kututega kwa neno "barabara". Ukikanyaga "ba" ya pili, umetaja njia ya magari. Ukikanyaga "ra" ya kwanza, umesema sawasawa, vile inavyotakiwa. Mdogo wangu alikuwa akizichanganya makusudi ili amsikie Baba akicheka.

Lazima niseme mapema kwamba mdogo wangu ni binti yake wa kumzaa, na mimi nilikuja na Mama. Baba aliyenizaa alifariki nikiwa bado nabebwa mgongoni. Mama alikuwa akiuza mboga Huruma na kuimba soprano Jumapili, na kwenye kwaya ndiko karani wa reli alikomwona. Walipooana tulihamia kwenye nyumba za reli kule Makongeni, mdogo wangu akazaliwa huko, na baadaye tukaja Buruburu. Katika miaka yote hiyo sikumsikia mtu yeyote wa nyumba yetu akitamka neno "kambo". Wala halikuwa limekatazwa. Halikuwa na kazi ya kufanya tu.

Mama alitutoka mdogo wangu alipokuwa akimalizia masomo ya uuguzi. Miaka michache baadaye mdogo wangu akaenda Norway kuendelea na masomo, akapata kazi, akaolewa na mtu wa huko huko, na wakapata mtoto wa kike. Mimi nilikuwa na duka la kushona sare za shule Huruma, na nilikaa kwenye kijumba cha nyongeza nyuma ya nyumba, kile ambacho Buruburu tunakiita ekstensheni. Baba alikaa nyumba kubwa. Jioni nilikuwa napika chakula kimoja na tunakula pamoja, yeye akinieleza nani aliimba ovyo na mimi nikimweleza mzazi gani alitaka sketi ipunguzwe.

Kila Jumapili baada ya ibada tulipiga simu ya video. Alipokuwa mdogo sana, mjukuu wake alikuwa akisema "babu" na "maji" na "bado". Halafu akaanza shule ya chekechea, ambayo mdogo wangu alituambia huko inaitwa barnehage, barne yaani watoto, hage yaani bustani. Kwa kuwa baba wa mtoto hakujua Kiswahili, nyumbani kwao walizungumza Kinorwe, na mdogo wangu, akitoka zamu hospitalini akiwa amechoka, hakuwa na nguvu ya kushikilia lugha mbili peke yake. Mtoto alipofika miaka mitano hivi, alikuwa anakuja mbele ya simu, anasema "Hei", anamtazama babu yake kidogo, kisha anakwenda zake. Baba alibaki akitazama ukuta wa sebule yao. Alinirudishia simu, akaenda kukaa nje kwenye kiti chake cha plastiki mpaka nimwite chai.

Jumapili moja aliporudi ndani alikuwa ameshaamua.

"Yule mtoto hajui njia ya kuja huku," aliniambia. "Mimi ndiye mzee. Mimi ndiye nitakayekwenda kwake. Nitafutie hicho Kinorwe."

Nilidhani ni maneno ya siku moja. Nilipomwekea programu ya kujifunzia kwenye simu yangu, alisema maandishi ni madogo, kwa hiyo nikawa nasoma mimi, na yeye anaandika kwenye ubao wa zamani wa kwaya aliokuwa ameuegemeza sebuleni. Nilipofunga duka na kurudi, nilimkuta ameshapangusa ubao na kuweka chaki. Tulianza na salamu, kisha watu wa nyumbani. Mor ni mama. Far ni baba. Babu ni bestefar.

Alilikata hilo neno kama alivyokata maneno yote maishani mwake, kila kipande kiishie kwa irabu: be-ste-fa. Akabaki na herufi moja mkononi.

"Hii r nayo inalala wapi?" akaniuliza.

Sikujua. Aliiandika pembeni, akapiga meza, akakanyaga silabi ya pili kutoka mwisho kama kawaida, beSTEfar, akaridhika. Wiki nzima nilimsikia akilisema bafuni. Aliunganisha sentensi yake mwenyewe, jeg er bestefar, yaani mimi ni babu, na Jumapili alifunga tai ya kanisani akakataa kuivua mpaka simu ipigwe.

Mtoto alipotokea, Baba alikaa wima. "Hei," akasema. "Jeg er beSTEfar."

Mtoto hakuondoka. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alisimama hapo hapo. Alimtazama, akakunja uso, kisha akageuka kumuuliza mama yake jambo, na ndani ya swali hilo tulisikia wazi neno moja, "stefar". Nilimwona mdogo wangu akianza kucheka. Kisha akanitazama mimi kupitia simu, na kicheko kikakatika.

"Amesema nini?" Baba akauliza.

Mdogo wangu alisema mtoto hakusikia vizuri, mtandao unakatakata, na muda si mrefu akaaga. Lakini mtandao siku hiyo ulikuwa safi, na Baba hakuwa mtu wa kudanganyika katika mambo ya sauti. Alilegeza tai, akanigeukia.

"Stefar ni nini?"

Nililijua neno hilo. Lilikuwa kwenye somo la watu wa nyumbani, chini kabisa, na wiki ile nilikuwa nimelipita bila kumsomea. Nilifikiria kumwambia sijui. Lakini alikuwa ananitazama vile alivyokuwa akimtazama mwimbaji aliyekosea huku akijua amekosea.

"Ni baba wa kambo," nikamwambia. "Ukikanyaga pale katikati, sikio lake linaipoteza ile be. Anasikia stefar."

Aliivua tai, akaikunja. Nje watoto wa jirani walikuwa wakicheza mpira, ukagonga lango letu.

"Basi nimejitambulisha kwa cheo changu kingine," akasema.

Hakusema kwa uchungu. Hata hivyo niliinuka upesi kwenda kutia chai. Nilipogeuka alikuwa amenifuata jikoni, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi, akasimama akishikilia mlango kwa sababu ya goti lake.

"Limekuumiza hilo neno, mwanangu?"

Nikamwambia halijaniumiza. Nikamwambia limenishtua tu, kwa sababu sikumbuki kama niliwahi kulifikiria.

"Mimi nililifikiria," akasema. "Mwanzoni."

Akanieleza tukiwa tumesimama hapo hapo, chai ikichemka. Alisema nilipokuja na Mama nyumba za reli nilikuwa namwita Mwalimu, kama wanakwaya wote walivyomwita. Mwalimu, chakula tayari. Mwalimu, kiatu kimekatika. Mama alitaka kunirekebisha, yeye akamkataza. Alimwambia mtoto asifundishwe neno Baba kama wimbo. Akasubiri. Siku moja walikuwa kwenye mazoezi na mimi nilikuwa nimelala kwenye benchi la nyuma. Mvua ilipiga mabati ya paa, nikaamka kwa hofu, nikaita "Baba!" kwa sauti iliyopita ya kwaya nzima.

"Mkono wangu ulipoteza mapigo," akasema. "Alto wakaingia kabla ya wakati wao. Besi wakasimama. Nikawaambia nina kohozi, nikatoka nje kidogo."

Mimi sikumbuki. Nilijaribu usiku ule na nimejaribu mara nyingi tangu hapo, na sipati benchi wala mvua. Najua tu kwamba kumbukumbu yangu ya kwanza kabisa ya mtu huyu tayari inamwita Baba.

Katikati ya wiki mdogo wangu alipiga simu, akiwa na wasiwasi. Baba alichukua simu, akamtoa hofu, akamwambia ameshaambiwa maana na hakuna aliyekufa. Mdogo wangu akasema hata hivyo neno hilo siku hizi halipendwi sana huko, watu wengi wanasema bonusfar. Baba akamtaka arudie.

"Bonasi?" akauliza. "Kumbe mimi ni bonasi. Kazini nilistaafu bila hata kuiona."

Alicheka mpaka akakohoa, na tangu hapo nikimletea chai ya pili alikuwa akisema, "Asante, hii ndiyo bonasi yangu."

Kisha akaingia kwenye jambo lenyewe, maana kosa la sauti lilikuwa linamwasha kuliko kosa la maana. Alimtaka mdogo wangu amweleze maneno hayo marefu yanakanyagwa wapi. Mdogo wangu alisema si maneno marefu, ni maneno mawili yaliyoshikanishwa. Beste ni moja, far ni lingine, na yakishikana hakuna hata moja linalokufa. La kwanza linachukua mkazo mkuu, la pili linabaki na mkazo mdogo wa nyuma. Na ukitaka kulikata, unalikata pale yaliposhikana, huhesabu irabu. Alitupa mfano wa kituo cha basi, busstopp. Limeundwa na buss na stopp, na zingekuwa s tatu, lakini wanaandika mbili. Neno likifika mwisho wa mstari na likakatwa, s iliyopotea inarudi: buss kwanza, kistari, halafu stopp nzima.

Baba alipenda hilo la s kurudi. Aliwaeleza kwaya nzima, ambao hawakuwa na haja nalo. Nyumbani aliniambia sasa ameelewa alichokosea. Alikuwa akikata neno kama mtu asiyejua kuchinja. Zamani, kukiwa na sherehe, tulikuwa tukienda naye machinjioni Kiamaiko kununua mbuzi, na nilipenda kuwatazama wale wachinjaji wakitenganisha paja. Kisu hakipigani na mfupa. Kinatafuta kiungo, kikishakipata kinapita bila kelele.

"Ndiyo hivyo hivyo," akasema. "Mimi nilikuwa napiga shoka."

Akapangusa ubao, akaandika beste, kistari, far. Ile r iliyomsumbua ikapata pa kukaa. Akagonga meza, kiganja kizima kwa BES, ncha ya kidole kwa te, kisha kiganja tena kwa far lakini kwa upole. Alirudia mpaka jirani akauliza kama tunapigilia misumari.

Jumapili iliyofuata alisema, "Hei. Jeg er BEStefar." Mtoto akajibu kwamba anajua. Hilo tu, jeg vet, najua, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa kwamba jua limechomoza. Baba alinishika mkono chini ya meza.

Haikuwa rahisi baada ya hapo, lakini ilikuwa raha. Alikuwa ameshika kwamba kila neno lipigwe kichwani, na alipojua kwamba mtoto anapenda keki ya chokoleti, sjokoladekake, alilipiga kichwani. Mtoto akaanguka kwenye kochi kwa kicheko. Mdogo wangu akafafanua kwamba si silabi ya kwanza, ni pale neno la kwanza lilipokuwa na mkazo wake kabla ya kuolewa. Sjokolade likiwa peke yake hukanyagwa "la", basi hata likibeba keki linakanyagwa hapo hapo. Baba aliandika hilo ubaoni kwa maneno yake: Neno haliachi mkazo wake kwao. Sikulifuta kwa wiki kadhaa.

Kulikuwa pia na siku ya mapaja. Mdogo wangu alimtumia picha ya nyama dukani ili asome lebo. Ilikuwa paja la mwanakondoo, lammelår, lakini Baba alilisoma kwa kupumzika katikati na kugonga mapigo mawili mazito yaliyolingana. Upande wa pili wakacheka wote watatu, hata yule mkwe ambaye si mwepesi wa kucheka. Ukiyatenga yale maneno na kuyapa kila moja mkazo kamili, yanakuwa mapaja yaliyopooza. Baba alipiga goti lake bovu, akasema basi kasoma vizuri, hiyo ndiyo lebo yake yeye.

Mtoto alikuwa sasa anakimbilia simu. Alikuja na maneno kama mtu anayeleta mawe ya kuchezea, anayarusha, na Baba anatafuta kiungo. Wakati mwingine nilikuwa nikipita sebuleni nikasikia meza ya Buruburu ikigongwa na meza ya Norway ikijibu. Nilirudi jikoni nisiwasumbue.

Walikuja Agosti, mtoto akiwa na miaka minane. Uwanja wa ndege alijificha nyuma ya baba yake, na siku ya kwanza hakusema chochote. Baba hakumlazimisha. Aliketi nje kwenye kiti chake, akaweka kingine kando. Asubuhi ya pili nilifungua pazia nikawaona wote wawili wamekaa, wakitazama lango, bila kuongea.

Siku ya tatu wakaanza kutembea. Alimzungusha mitaa yote tuliyokulia, polepole kwa sababu ya goti, na mtoto akasoma kila kibao kwa sauti. Alisoma kwa mkazo wa kwao. BUruburu. HAIruhusiwi. Vijana wa pale kituo cha basi walimsalimia mzee kwa "sasa, mzee," wakamwuliza mtoto kama anajua yuko wapi, akasema "BUruburu", na mmoja wao akamwambia hapana, hapa ni Buru tu, mengine ni ya kwenye ramani. Baba alitueleza hayo mezani akifurahi. Alisema mtoto ana haki, kwake jina hilo ni maneno mawili yaliyoshikana, buru na buru, kwa nini asikanyage la kwanza? Lakini alimfundisha. Akampiga kidogo kiganjani: Bu-ru-BU-ru. Mtoto akajaribu, akakosea, akajaribu tena. Sasa ni yeye aliyekuwa akihangaika, na Baba hakuficha kwamba anaona raha.

Jumamosi nilikwenda Kiamaiko nikaleta mguu wa mbuzi, nikauchoma nyuma ya nyumba. Nilipouweka mezani Baba aliinuka, akasafisha koo kama anayetaka kuanzisha wimbo, akatamka lammelår bila dosari.

Mtoto akautazama mguu. Akauliza ni mnyama gani. Mdogo wangu akamwambia. Basi si lammelår, mtoto akasema, ni geitelår. Geit ni mbuzi.

"Hilo neno lipo?" Baba akamwuliza mdogo wangu.

Mdogo wangu akasema huenda lipo, huenda halipo, lakini kila mtu angelielewa. Huko ukiwa na maneno mawili na sababu ya kuyashikanisha, unayashikanisha tu. Baba aliweka uma chini. Miaka yote hiyo alikuwa akidhani maneno yale yalitoka dukani yakiwa yameshaundwa. Alitafuna kidogo, akifikiri, kisha akajionyesha kifuani.

"Buruburubestefar," akasema.

Mtoto alipiga makofi. Akalirudia, lakini akalikanyaga mwanzo kabisa, BUruburubestefar. Baba akatikisa kichwa. Akasema hapana, ni buruBUrubestefar. Mtoto akasema hapana. Wakabishana, mtoto kwa Kinorwe, Baba kwa Kinorwe cha kwaya na Kiswahili katikati, na mdogo wangu akitafsiri mdomo ukiwa umejaa. Mtoto alisema yeye ndiye anayejua lugha hiyo. Baba alikubali. Kisha akamwuliza sjokoladekake linakanyagwa wapi.

Mtoto akalisema polepole. Akakanyaga "la".

"Kwa nini si mwanzo?" Baba akamwuliza.

Mtoto aliwaza, akasema kwa sababu sjokolade linasemwa hivyo.

"Na Buruburu linasemwa vipi?"

Alitutazama mmoja mmoja. "BuruBUru," akasema. Halafu, kwa kunong'ona, akalitamka lote, mkazo mkuu pale Baba alipoutaka, na ule mdogo ukifuata nyuma. Baba hakusherehekea ushindi. Aliinamisha kichwa, akachukua kitambaa cha meza akajipangusa macho, akasema moshi wa nyama umeingia ndani.

Wiki zilizobaki hakuitwa jina lingine. Aliitwa hivyo kutoka chooni, kutoka barabarani, kutoka dirisha la juu. Jumapili kanisani mtoto alimwita hivyo katikati ya kwaya, na soprano mmoja mzee akaniuliza kama hilo ni neno la Biblia.

Baba alifariki mwaka uliofuata, wakati wa mvua za masika, baada ya kuugua muda mfupi. Walikuja wote watatu, na tukampeleka nyumbani magharibi, upande wa Kakamega, akazikwa karibu na Mama. Mvua ilikuwa imesimama na udongo ulikuwa mwekundu na mzito kwenye viatu. Kwaya ilisafiri kwa basi moja, wakaimba bila mtu wa kuwaongoza kwa mkono, kwa sababu walisema hawajaamua nani ashike nafasi yake. Mjomba mmoja aliyesimamia shughuli alisoma habari za marehemu. Alisema ameacha watoto wawili na mjukuu mmoja. Nilisubiri kidogo, bila kujua ninasubiri nini. Hakuongeza kitu, wala hakuna mzee hata mmoja aliyeinua kichwa. Mdogo wangu alisogeza kiti chake karibu na changu.

Sasa mimi ndiye ninayekaa nyumba kubwa, na ekstensheni nimempangisha mwalimu kijana anayeimba sauti ya tenori. Mpwa wangu, sasa msichana mkubwa, ananipigia Jumapili. Anajifunza Kiswahili mwenyewe, kwa hiari yake, na anakipata kwa shida: anakanyaga mwanzo, anajirudi, anahesabu kutoka mwisho kwa vidole ambavyo anadhani sivioni. Juzi alitaka kuniuliza nimepika nini. Alianza na pika, akadhani linahitaji kurefushwa, akapitiliza, akaangukia "umepikia nani?" Nikamwambia nimejipikia mwenyewe, sukuma na ugali. Akasema akija Agosti nimpikie na yeye, na safari hii anakuja peke yake. Nimeshanunua godoro.